Filamu ya mamluki iliyobeba jina la Katanga bila kufika Katanga

Mwaka 1968, miaka mitano baada ya Kolwezi kushuhudia mwisho wa serikali ya Moïse Tshombe, sinema za Ulaya na Marekani zilianza kuonyesha filamu ya vita juu ya Kongo. Kwa Kiingereza iliitwa «Dark of the Sun». Wasemaji wa Kifaransa waliipa jina lingine, «Le Dernier Train du Katanga», yaani Treni ya Mwisho ya Katanga. Mkaaji wa Lualaba akiitazama leo atafurahia mbio na milio ya risasi, lakini hatakosa maswali.

Hadithi yenyewe si ngumu. Kapteni Bruce Curry, anayechezwa na Mwaustralia Rod Taylor, ni askari wa kukodiwa. Rais wa nchi, anayeitwa Ubi, anamwita na kumpa kazi: achukue treni, afike mji wa Port Reprieve kabla waasi wa Simba hawajaingia, awatoe Wazungu waliokwama huko. Hiyo ndiyo kazi inayotangazwa. Kazi ya kweli ni almasi za dola milioni 50 zilizo ndani ya kasha la chuma la kampuni ya madini, na Rais anazihitaji haraka. Curry anapewa siku tatu na ahadi ya dola 50,000. Ni mwindaji wa kulipwa, ila anachowinda ni mali.

Mtungaji wa filamu, Mwingereza Jack Cardiff, alijulikana zaidi kama mpiga picha wa sinema, na jicho lake linaonekana. Sehemu bora ni pale Port Reprieve. Treni imefika, watu wamepanda, Simba wako karibu. Lakini kasha la almasi limefungwa kwa saa maalum na halitafunguka mpaka saa tatu zipite. Hakuna anayeweza kufanya lolote. Watu wanakaa ndani ya mabehewa wakisubiri mawe ya watu wengine. Mwishoni kasha linafunguka na treni inaanza kupanda mlima, kisha kombora linavunja kiungo cha behewa la nyuma. Behewa hilo, likiwa limejaa watu, linaanza kurudi nyuma polepole, halafu kwa kasi, mpaka mjini kwa Simba.

Kwa mtu wa hapa, picha hiyo si mchezo. Mwezi wa Machi 2022 treni ya mizigo ya SNCC ilianguka Buyofwe, katika eneo la Lubudi, hapa hapa jimboni Lualaba. Mabehewa yalitumbukia bondeni na watu zaidi ya 60 walikufa. Haikuwa treni ya abiria. Walikuwa wamepanda treni ya mizigo kwa sababu usafiri mwingine ni wa shida au ni wa bei. Mahali hapo hapo, mwezi wa Novemba 2017, treni nyingine ya mizigo ilikuwa imeanguka na kuua watu zaidi ya 30. Katika filamu, mali inapewa nafasi kwanza na watu wanaongezwa baadaye. Sidhani Cardiff alikusudia kueleza reli yetu, lakini ameieleza vizuri kuliko ripoti nyingi.

Picha hazikupigwa Kongo. Watengenezaji walikwenda Jamaika, kisiwa cha Karibea, ambako walipata reli na treni ya mvuke ya kufaa. Cha kuchekesha ni kwamba Katanga ya wakati huo ilikuwa mbele kuliko filamu: kati ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Tenke, treni zilikuwa zinatembea kwa umeme tangu 1952. Halafu kuna hizo almasi. Mtoto yeyote wa Kolwezi anajua kwamba utajiri wa huku ni shaba na kobalti, na kwamba almasi inatafutwa Kasai.

Filamu ilitokana na kitabu cha Wilbur Smith cha mwaka 1965. Smith hakuwa mgeni kabisa wa eneo hili, kwani alizaliwa mwaka 1933 Broken Hill, Kabwe ya leo, nchini Zambia. Katika kitabu, Curry na watu wake wanafanya kazi upande wa Katanga ya Tshombe, na treni inatoka Elisabethville. Filamu iliondoa hayo yote na kuweka waasi wa Simba, wale ambao mashariki wengi wanawakumbuka kwa jina la Mulele. Kwa hiyo jina la Kifaransa linaahidi Katanga, na skrini inaonyesha vita vingine, kwenye kisiwa kingine. Ni hasara, maana mambo yaliyopita Kolwezi yangetosha filamu tatu.

Chukua ile sehemu ambapo ndege ya Umoja wa Mataifa inashambulia treni ya Curry. Mwezi wa Septemba 1961 mambo yalikuwa kinyume: ndege moja ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ikitumia kiwanja cha Kolwezi, ndiyo iliyowashambulia askari wa Umoja wa Mataifa, ambao hawakuwa na ndege ya vita hata moja. Ndege moja tu ilisumbua jeshi zima. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi huo, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, na mpaka leo marubani mamluki wa Katanga wanatajwa katika uchunguzi. Umoja wa Mataifa ulileta ndege zake baadaye, na mwishoni mwa Desemba 1962 ndege za Sweden zilishambulia kiwanja cha Kengere, Kolwezi.

Tshombe alikuwa amekimbilia mji huu. Mamluki, Bob Denard akiwa mmoja wao, walikuwa pamoja naye, na mabwawa ya umeme ya mto Lualaba yalikuwa yametegewa baruti. Ukitaka filamu ya wasiwasi, iko hapo: saa inahesabu, na kinachoweza kulipuka ni umeme wa migodi yote. Tarehe 14 Januari 1963 Tshombe alitangaza mwisho wa kujitenga. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi bila mabwawa kulipuliwa. Mamluki na jandarme wengi wa Katanga walifuata njia ya Dilolo mpaka Angola.

Denard alirudi. Novemba 1967, miezi michache kabla filamu haijatoka, alivuka mpaka kutoka Angola akiwa na kundi dogo, baadhi yao juu ya baiskeli. Ndiyo, baiskeli. Alitaka kumpunguzia mzigo mwenzake, Mbelgiji Jean Schramme, aliyekuwa amezingirwa Bukavu. Hakufika mbali. Rod Taylor anapita msituni na treni yenye bunduki kubwa. Mamluki wa kweli walikuwa wanakanyaga pedali.

Jandarme nao hawakuisha. Katika miaka ya 1977 na 1978 walirudi kwa jina la FNLC, chini ya Nathanaël Mbumba, na Mei 1978 waliteka Kolwezi, mpaka askari wa Légion ya Ufaransa waliporushwa kwa miavuli tarehe 19. Wafaransa walitengeneza filamu haraka, «La Légion saute sur Kolwezi», ya Raoul Coutard, iliyotoka 1980. Hiyo nayo haikupigwa hapa. Ndani yake wakaaji weusi wa mji, waliokufa kwa mamia, wanapita nyuma ya picha. Kwa maoni yangu ile ya Cardiff, pamoja na makosa yake, inawapa Wakongo nafasi zaidi.

Nafasi hiyo iko kwa watu wawili. Wa kwanza ni Sajenti Ruffo, rafiki wa Curry, anayechezwa na Jim Brown, nyota wa mpira wa Kimarekani. Ruffo ni Mkongo, na hakuja kwa ajili ya pesa. Anasema waziwazi kwamba anapigania nchi yake. Wa pili ni Koplo Kataki, na anayemcheza ni Bloke Modisane, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekimbia ubaguzi wa rangi na kuandika kitabu juu ya maisha ya Sophiatown. Hakuna Mkongo kati ya wachezaji wakubwa. Hata Rais Ubi anachezwa na Calvin Lockhart, mtu wa Bahamas.

Upande wa pili yuko Henlein, Mjerumani anayevaa alama ya Hitler. Huyo hakubuniwa hewani. Siegfried Müller, mamluki wa kweli wa miaka ile, alitembea Kongo na nishani yake ya Vita Kuu ya Pili kifuani, na mwaka 1966 Ujerumani ya Mashariki ilimtengenezea filamu ya mahojiano akiwa anacheka. Henlein anamwua Ruffo kwa tamaa ya almasi. Curry anamfuata mpaka mtoni na kumwua kwa mikono yake, na picha hapo ni za kikatili. Wahakiki wa 1968 walizilaumu sana. Martin Scorsese na Quentin Tarantino walikuja kuipenda filamu hii baadaye.

Kisha Kataki anafanya jambo ambalo sinema za mamluki hazina desturi nalo. Hampongezi mkubwa wake. Anamwonyesha kwamba amefanya sawa na Henlein. Curry anafikiri, anarudi, anajitoa mikononi mwa koplo huyo ili ahukumiwe na mahakama ya kijeshi. Filamu inaishia hapo.

Kati ya mamluki wa kweli waliopita Katanga na Kivu, Schramme alifikishwa mbele ya sheria, ikiwa neno hilo linafaa. Mwaka 1986 mahakama ya Mons, Ubelgiji, ilimhukumu bila yeye kuwepo, kwa kumwua Mbelgiji mwenzake huku Kongo mwaka 1967. Alikuwa amejificha Brazil, na alikufa huko mwaka 1988.