CHANJO YA MALARIA: SINDANO YA NNE ISISAHAULIKE



Safari hii tuongee juu ya habari ya sayansi ambayo imeingia mpaka ndani ya nyumba zetu, nayo ni chanjo ya malaria. Wengi wenu mmeisikia redioni, na wengine watoto wenu wameshadungwa. Lakini nikitembelea vikundi naona mambo mawili yanatusumbua. Kwanza, hatujaelewa vizuri chanjo hii inafanya nini mwilini. Pili, tunaanza vizuri halafu tunaachia njiani.

Siku moja nilifika kwa kikundi cha akina mama upande wa ziwa nikakuta mkutano umevunjika. Mtoto wa mwanachama mmoja, wa miaka miwili na nusu, alikuwa amelazwa kwa malaria kali, damu imepungua. Pesa za mzunguko, ambazo zilikuwa za mama mwingine kununua mbegu, zilitolewa zikalipa gari na gharama za hospitali. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini yule mwingine alipanda akiwa amechelewa, na nusu ya mwaka kikundi kilikuwa kikilipa deni.

Baadaye mama wa mtoto alinionyesha kitabu cha kliniki. Sindano tatu za malaria zilikuwa na tarehe. Mahali pa ya nne palikuwa patupu. Akaniambia, "Alikuwa anakimbia tayari, nikaona mambo ya kliniki yamekwisha." Siwezi kusema kwamba sindano ya nne ingemzuia yule mtoto kulazwa. Hilo hakuna anayelijua. Lakini tangu siku hiyo, kila kikundi ninachotembelea naomba kuona vitabu, na hiyo nafasi tupu naiona mara nyingi.

MALARIA HUINGIAJE MWILINI?

Mbu jike aitwaye anofelesi akimuuma mtu, anaweza kumwachia vijidudu vya malaria. Vijidudu hivyo havikai kwa damu mara moja. Hukimbilia ini, vikajificha huko kama wiki moja, vikizaana kwa maelfu. Wakati huo mtoto anacheza tu, hana dalili yoyote. Halafu vinatoka ini, vinaingia kwenye damu na kuvunja chembe nyekundu. Hapo ndipo homa inapanda, mtoto anatetemeka na kutapika, na damu inapungua.

CHANJO INAFANYA NINI?

Mfikirie mlinzi wa usiku kwenye soko. Kama hajawahi kumwona mwizi, mwizi atapita kama mteja. Lakini ukimwonyesha koti ambalo mwizi huvaa, atamkamata langoni.

Chanjo hufanya hivyo hivyo. Ndani yake hamna kijidudu kizima cha malaria. Kuna kipande tu kinachofanana na koti ambalo kijidudu huvaa kikitoka kwa mbu. Mwili ukionyeshwa hilo koti, unatengeneza askari wa kulisaka kabla kijidudu hakijafika ini. Kwa hiyo chanjo haiwezi kumpa mtoto malaria, kama wengine wanavyodai.

Lakini, ndugu zangu, kijidudu hiki ni mjanja. Kikiponyoka na kuingia ini, kinavua lile koti. Kikitoka huko kimevaa nguo nyingine, na mlinzi wetu hakitambui tena. Ndiyo sababu chanjo hupunguza malaria lakini haiimalizi. Na ndiyo sababu ilichukua miaka mingi kuipata. Chanjo ya kwanza, iitwayo RTS,S, ilitengenezwa mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani liliikubali itumike kwa watoto wengi mwezi wa Oktoba mwaka 2021. Ya pili, iitwayo R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford na kiwanda cha Serum Institute cha India, ilikubaliwa Oktoba 2023.

MBONA SINDANO NNE?

Kwa sababu mlinzi husahau. Sindano tatu za kwanza hufuatana karibu karibu ili askari wa mwili wawe wengi. Miezi ikipita, wanapungua. Sindano ya nne inakuja kuwakumbusha.

Hili halikubuniwa mezani. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika walishiriki majaribio makubwa ya RTS,S. Hapa Kenya yalifanyika Kilifi, Siaya na Kombewa. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na wakapata sindano zote nne walifuatwa kwa karibu miaka minne. Kati ya kila malaria 10 ambazo wangeugua, karibu 4 zilizuiwa. Malaria kali, ile ya kulazwa, ilipungua kwa karibu theluthi moja.

Na wale walioishia sindano ya tatu? Ukihesabu muda wote waliofuatwa, malaria kali kwao haikupungua. Someni tena sentensi hiyo. Faida ya mwanzo ilikuwepo, lakini iliisha kwa sababu mlinzi hakukumbushwa.

HAPA KWETU KENYA

Kenya ilianza kutoa chanjo hii tarehe 13 Septemba 2019 huko Homa Bay, baada ya Malawi na Ghana kuanza mwaka huo huo. Ilipelekwa sehemu za kaunti nane zenye malaria nyingi: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Kakamega, Vihiga na Bungoma. Kaunti ndogo nyingine ziliachwa kwanza ili matokeo yalinganishwe, kisha mwaka 2023 nazo zikaanza kupata. Kama unaishi mahali ambapo malaria ni kidogo, usishangae ukiambiwa kliniki yenu haina chanjo hii.

Katika nchi hizo tatu, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiondoa vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13 katika karibu miaka minne. Si jambo dogo. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano.

Hata hivyo, tatizo lililoonekana ni lile lile la yule mama. Waliofika sindano ya kwanza walikuwa wengi, waliofika ya nne wakapungua. Kenya ilipoanza, sindano zilitolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Tazameni hapo: kutoka ya tatu hadi ya nne ni zaidi ya mwaka mzima! Mtoto ameachishwa ziwa, pengine mama ana mimba nyingine, msimu wa kupalilia umefika. Ni rahisi kusahau. Ratiba nayo inaweza kubadilishwa, kwa hiyo fuateni tarehe ambayo muuguzi ameandika kwenye kitabu, si ile mliyosikia kwa jirani.

MASWALI NINAYOULIZWA

Je, nikimchanja mtoto niache neti? Hapana! Tumesema chanjo inazuia malaria kama 4 kati ya 10. Hizo 6 zilizobaki ni kazi ya neti na kupimwa mapema. Mtoto akipata homa, hata kama amechanjwa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Msinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Je, ina madhara? Mtoto anaweza kupata homa, kulia, au kuvimba kidogo pale alipodungwa. Kwa wachache homa inaweza kuleta degedege. Akichemka sana au akishikwa na degedege, mrudisheni kwenye kituo bila kungoja.

Je, chanjo si ya kutuzuia kuzaa? Swali hili linatoka mbali, na sisi Wakatoliki hatuwezi kujifanya hatulijui. Mwaka 2014 maaskofu wetu waliuliza maswali juu ya chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa akina mama. Serikali na Shirika la Afya Duniani walijibu kwamba ni salama. Kuuliza si dhambi. Lakini swali juu ya chanjo moja lisigeuzwe kuwa jibu juu ya kila chanjo. Hii ya malaria imepimwa kwa maelfu ya watoto kwa miaka, na ndani yake hakuna kitu cha kuzuia uzazi. Mwenye wasiwasi amuulize muuguzi ana kwa ana, asimuulize mtu wa sokoni.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wanasayansi wamefanya sehemu yao. Hii iliyobaki haihitaji maabara. Inahitaji daftari.

1. Katibu awe na ukurasa wa watoto wote wa wanachama walio chini ya miaka mitatu: jina, tarehe ya kuzaliwa, sindano alizopata, na tarehe ya inayofuata.

2. Mara moja kwa mwezi, kabla ya kuhesabu pesa, isomwe orodha ya watoto ambao tarehe imekaribia. Tunakumbushana michango kila wiki, tushindwe kukumbushana sindano?

3. Mtu mmoja aulize kwanza kama chanjo imefika kwenye zahanati. Kuna mama alitembea saa mbili akaambiwa arudi wiki ijayo, na hakurudi tena. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kusaidia kujua.

4. Siku ya kliniki, wanachama wawili wabaki na watoto wengine, au wamsaidie mama shambani. Chanjo yenyewe ni bure katika vituo vya serikali, kinachomzuia mara nyingi ni muda na nauli.

5. Akina baba, kitabu cha kliniki si cha mama peke yake. Jua tarehe ya mtoto wako kama unavyojua tarehe ya kulipa mkopo.

Yule mama niliyemtaja sasa ndiye anashika daftari la watoto katika kikundi chao. Hakuchaguliwa, alijitolea. Mara ya mwisho nilipofika alikuwa amepigia mstari mwekundu majina manne, na mkutano haukufunguliwa mpaka kila mmoja wa hao wanne aseme atakwenda kliniki siku gani.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Mwaka jana malaria ilitugharimu nini: pesa, siku za shamba, siku za shule?
- Ni watoto wangapi kati yetu wamefika sindano ya tatu bila ya nne? Sababu ni zipi?
- Nani atashika daftari, na tutaanza lini?

Mungu awabariki ninyi pamoja na watoto wenu.