Siku ya Chanjo, Mama Naye Aulizwe
Mtoto akipelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki 6 hupimwa uzito, huchomwa sindano na kadi yake hujazwa. Wiki ya 10 na ya 14 hurudi tena. Aliyembeba safari zote hizo mara nyingi haulizwi moyo wake ukoje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Hii si ile huzuni ya siku za mwanzo, ambayo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona hung'ang'ania: mtoto amelala lakini mama hapati usingizi, chakula hakipiti, anajiona hafai kulea. Yaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya uzazi.

Wapo watakaosema tuna arobaini: mzazi akandwe, anyweshwe uji, ndugu wamshike mkono. Utaratibu huo nautetea kwa dhati, kwa kuwa mapumziko na msaada humkinga mama. Lakini arobaini huisha karibu na chanjo hiyo ya wiki 6, ndugu wakarudi makwao. Na aliyejifungulia mjini, katika chumba cha kupanga, huenda hakuwa na ndugu tangu mwanzo. Tena anayepongezwa na kila mtu huona haya kusema kwamba hana furaha.

Pingamizi zito zaidi la kumwuliza mama kliniki ni uchache wa wauguzi. Ni kweli ni wachache. Hata hivyo dodoso la Edinburgh la kuchunguza dalili za sonona baada ya kujifungua, lililochapishwa mwaka 1987, lina maswali 10 tu, na mama aweza kulijibu akisubiri foleni. Halithibitishi ugonjwa, linaonyesha nani wa kuzungumza naye zaidi, na anayetaja mawazo ya kujidhuru aonwe na daktari siku hiyohiyo. Nani atamsaidia baadaye? Vijijini Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa jamii, wala si madaktari wa akili, walifundishwa kuzungumza kwa utaratibu maalumu na wajawazito wenye sonona. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya kujifungua asilimia 23 yao walikuwa na sonona, ilhali kati ya waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Wahudumu wa namna hiyo tunao. Kumwuliza mama kisha kumwacha na jibu lake ni kumwongezea mzigo, hivyo kituo kianze kwa kumfundisha mhudumu, ndipo kigawe dodoso.