Siku Nne za Kuuguza kwa Miaka Mitatu Hazitoshi

Mzazi wa Mpapura akiuguliwa na mtoto usiku, mawazo humjia mawili kwa mpigo. Homa imepanda, mtoto asije akapata degedege. Na kesho kazini nani atamwombea ruhusa, na hiyo siku italipwa?

Mpapura ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, katika ukanda wa korosho. Mvua huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi karibu Mei, na zikishika, malaria nayo hushika. Wakati huohuo korosho za mwisho zinaokotwa, na zikilowa chini ya mti hushuka daraja. Ugonjwa na kazi vinamtaka mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kumuuguza mtoto kunataka mikono. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto ya ALU: mtoto wa chini ya kilo 15 hupewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Kidonge hupondwa kijikoni, huchanganywa na maji, mtoto akameza kisha akanyonya juu yake. Akikitapika muda mfupi baadaye, dozi hurudiwa. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane. Hiyo si kazi ya kumwachia dada yake wa darasa la tatu.

Malaria ikiwa kali, mtoto hulazwa, pengine hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Huchomwa sindano za artesuneti zisizopungua 3 ndani ya saa 24, na akiweza kumeza huanza ALU ya siku 3. Jumla ni siku 4, tena kama hakuhitaji kuongezewa damu.

Sasa tuitazame sheria. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Siku hizohizo 4 ndizo za msiba wa mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Na mzunguko wake ni miezi 36. Mtoto akiugua mara tano, siku ni zilezile. Zaidi ya hapo ni hiari ya mwajiri, bila malipo. Malaria kali moja tu inamaliza haki ya miaka mitatu.

Mfanyakazi akiugua mwenyewe, sheria hiyohiyo inampa siku 126 katika mzunguko huo, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Sweden, mzazi anaweza kulipwa hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto. Hatudai kufika huko kesho. Lakini mwaka 2025 Bunge lilikubali kumwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Basi limtazame na mtoto wa miaka miwili mwenye homa: siku 4 ziwe za kila mwaka, na misiba ihesabiwe peke yake.

Wapo wanaosema bibi yupo. Ni kweli, kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na bibi mzaa mama hukimbiliwa kwanza. Lakini naye ana shamba lake, na mtoto mchanga aliyelazwa hunyonya kwa mama.

Wakati tukisubiri marekebisho, tuitumie haki iliyopo. Kibarua wa msimu naye anaguswa na sheria hii. Omba ruhusa kwa maandishi, ubaki na nakala, na utunze cheti cha hospitali, kwa kuwa mwajiri anaweza kudai uthibitisho. Ukinyimwa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na akina baba: sheria imesema mfanyakazi, haikusema mama. Wazazi wote wawili wakiwa na ajira, siku ni 8. Mtoto akilazwa, baba naye aombe ruhusa, aende wodini akampokee mwenzake.