Kwa Nini Mtoto Hukataa Uji?

Mama amepika uji kwa uangalifu, akaupoza, akaketi na mwanawe wa mwaka mmoja. Mtoto anapokea vijiko vichache, anageuza uso na kufumba mdomo. Haupiti muda mrefu, yuko uani analia njaa, au anatafuna kipande cha udongo kilichobanduka ukutani. Watu wa nyumbani husema kwamba ni mkaidi, au kwamba amedekezwa mno. Sayansi ya lishe hutoa jibu lingine. Nyingi katika tabia hizi zina sababu katika mwili wa mtoto, na mpishi anayezifahamu sababu hizo huweza kupika kwa namna inayomfaa.

Tumbo dogo, mahitaji makubwa

Katika miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake humtosha mtoto. Baada ya hapo yanaendelea kumfaa hadi umri wa miaka 2 na zaidi, lakini hayamtoshi tena. Mtoto wa umri wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya huhitaji, kwa wastani, kilokalori 550 kwa siku kutokana na vyakula vingine.

Tumbo lake hupokea takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hawezi kumaliza zaidi ya mililita 240 kwa mlo mmoja. Tuseme uji wake ni mwepesi, na katika kila gramu 100 za uji mna gramu 10 tu za unga. Bakuli moja litakuwa na gramu 24 za unga. Kwa kuwa gramu moja ya unga hutoa kilokalori 3.5 hivi, mlo huo utampa kilokalori 84. Ili afikie 550 itambidi ale karibu mara 7 kwa siku. Ni mama gani anayelima, kuchota maji na kutafuta kuni ataweza kupika mara 7?

Mtu anaweza kuuliza: mbona asiongeze unga? Punje za wanga zikipashwa moto ndani ya maji hunywa maji hayo, huvimba na kushikamana. Unga ukifika gramu 20 katika gramu 100, uji huwa mzito karibu na ugali, na mtoto asiye na meno ya kutosha hushindwa kuumeza. Mama huongeza maji ili ulainike, na hapo mtoto hushiba maji kabla hajashiba chakula. Anapogeuza uso hafanyi ukaidi, tumbo limejaa.

Kimea: maarifa yaliyomo nyumbani

Njia ya kutoka katika tatizo hili wanaijua tangu zamani wanawake wanaotengeneza togwa. Mbegu ya ulezi au mtama inapoota huhitaji sukari ya kulisha chipukizi lake. Kwa hiyo hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi. Vipande hivyo havina nguvu ya kushika maji mengi. Kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito, uji hulainika na kunyweka, ingawa unga wake haukupunguzwa hata gramu moja.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ililichunguza jambo hilo kitaalamu. Mwaka 1983 A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu unga wa nafaka zilizooteshwa katika chakula cha watoto. Turudi kwenye hesabu yetu: bakuli lile lile, likiwa na gramu 20 za unga katika kila gramu 100, litampa mtoto kilokalori 168. Milo 7 itapungua kuwa 3 au 4.

Ulezi huloweshwa usiku mmoja, huchujwa, na hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 au 3 mpaka uote. Kisha huanikwa juani, mizizi na machipukizi hupukuchwa na kutupwa, na punje husagwa. Machipukizi ya mtama yasiachwe kamwe, maana yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Punje zenye ukungu nazo zitupwe.

Joto la kuchemka huharibu amilasi. Kwa sababu hiyo uji mzito huepuliwa kwanza na kuachwa upoe kidogo, ndipo kimea kinapokorogwa ndani yake, kama sehemu 1 kwa sehemu 20 za unga. Baada ya dakika 10 hivi huchemshwa tena ili kuua vijidudu. Hata hivyo kimea si chakula kamili. Uji bado unahitaji karanga safi zilizopondwa, maharage au dagaa waliosagwa.

Hofu ya chakula kigeni

Mtoto anayeanza kutembea huweza kuokota chochote. Kusitasita mbele ya kitu asichokijua ni kinga, lakini kinga hiyo hiyo humfanya ateme mchicha anaopewa kwa mara ya kwanza. Nchini Marekani, Leann Birch na mwenzake waliripoti mwaka 1982 kwamba watoto wa miaka 2 walivipenda zaidi vyakula vigeni walivyokuwa wamevionja mara nyingi zaidi. Mzazi asikate tamaa kwa kukataliwa mara moja wala mbili. Atoe kidogo, bila kulazimisha, na arudie siku nyingine. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtoto anayekula udongo

Kula udongo huonekana mara nyingi pamoja na upungufu wa damu na wa madini ya chuma. Bado wataalamu hawajakubaliana ni lipi huzaa lingine, ila hatari moja ni dhahiri: udongo huweza kubeba mayai ya minyoo. Fimbo haitibu upungufu wa damu. Mtoto apelekwe zahanati akapimwe, na nyumbani apikiwe maini, dagaa au maharage. Matunda kama chungwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, chai huuzuia.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wanaweza kuona kazi ya amilasi kwa macho yao. Upikwe uji mzito, ugawanywe katika vikombe viwili ungali moto wa kiasi cha kuvumilika mkononi. Kimoja kitiwe kijiko cha kimea, kingine kijiko cha unga wa kawaida wa nafaka ile ile, na vyote vikorogwe sawasawa. Baada ya dakika 10 viinamishwe. Wanafunzi waeleze ni kipi kilichomiminika upesi, na kwa nini. Kisha waende nalo jibu hilo nyumbani, kwa mdogo wao anayegeuza uso mbele ya bakuli.