Chavua ya Mpunga na Shamba la Jirani

Maganzo ni mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ulio karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson wa mwaka 1940. Watu wa huko waijua vizuri kazi ya kuchekecha changarawe ili kutafuta kito kimoja katika maelfu ya mawe. Ujuzi huo wafaa kukumbukwa katika jambo linaloelezwa hapa. Almasi, hata iwe ndogo namna gani, huonekana kwa jicho la mzoefu. Lakini punje ya mpunga iliyopokea jeni ngeni yaweza kufanana na punje nyingine kwa rangi, kwa uzito na kwa umbo, na hakuna chekeche iwezayo kuitenga.

Tanzania haijaruhusu wakulima wake kupanda mpunga uliobadilishwa jeni. Hata hivyo, nchini Uganda, huko Namulonge, mpunga wa namna hiyo umewahi kupandwa katika mashamba ya majaribio, na mipaka ya nchi za Ziwa haizuii magunia ya mbegu. Kwa hiyo mwenye majaluba katika mbuga za Shinyanga ana haki ya kuuliza: mpunga huo ukipandwa kwa jirani, chavua yake yaweza kufika wapi?

Kabla ya jibu, yafaa kutazama maneno. Chavua ni unga wa kiume wa ua. Kwa mahindi wakulima husema mbelewele, kwa sababu kile kishungi cha juu huonekana kwa mbali na unga wake humwagika hata juu ya nguo. Mpunga hauna kishungi kama hicho, na lugha ya shambani imepita kimya juu ya maua yake. Husemwa kwamba mpunga “umebeba mimba” wakati suke linapovimba ndani ya jani, kisha suke likatoka. Usemi huu ni mzuri, ila umetanguliza mimba mbele ya ndoa: wakati huo maua bado hayajapokea chavua yoyote. Uchavushaji huja baada ya suke kuchomoza, na ni jambo la muda mfupi sana.

Ua la mpunga kwa kawaida hufunguka kabla ya adhuhuri, likakaa wazi kwa muda wa saa moja hivi, na kufungika tena. Vifuko vyake vya chavua hupasuka wakati uleule ua linapofunguka, hata chavua huangukia ua lilelile. Tena chavua ya mpunga haina maisha marefu. Dakika chache hewani humaliza nguvu zake. Ndiyo sababu mpunga unaolimwa hujichavusha wenyewe, na kuchanganyika kwake na mpunga wa jirani kwa kawaida hakufiki asilimia 1 hata mimea ikigusana. Kwa umbali wa mita chache kiasi hicho hupungua mno. Mahindi ni kinyume chake: chavua yao husafiri kwa upepo, na wazalishaji wa mbegu hulazimika kutenganisha mashamba kwa mamia ya mita. Mtu aliyezoea hadhari za mahindi akizihamishia kwenye mpunga kama zilivyo, ataogopa upepo kupita kiasi na kusahau mambo mawili yaliyo mazito zaidi.

La kwanza ni mpunga pori. Mpunga wa Asia ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari, na kisiwani Pemba ulikuwa chakula kikubwa kufikia karne ya 11. Lakini Afrika ilikuwa na jamaa zake wa asili, na mmoja wao, Oryza longistaminata, huota katika mabwawa na mabonde ya Tanzania. Huishi miaka mingi, hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, na punje zake hudondoka kabla ya kuvunwa. Kwa mkulima ni gugu baya, maana likiwa changa ni vigumu kulitofautisha na mpunga wake. Tofauti yake kubwa na mpunga wa shambani ni kwamba halikubali chavua yake lenyewe; lazima lipokee ya mwingine, na kwa ajili hiyo ua lake limejiweka tayari kupokea kutoka nje.

Hata hapo mlango haukuachwa wazi kabisa. Watafiti Chu na Oka walieleza mwaka 1970 kwamba chotara wa mpunga huu na ule wa Asia wengi hufa wangali viini ndani ya punje. Wachache huponea, nao wakipata kuchavushwa tena na mpunga pori, jeni iliyoingia yaweza kubaki ukooni. Kinachofuata hutegemea kazi ya jeni yenyewe. Jeni ya kustahimili dawa ya magugu ingempa adui wa mkulima ngao; ile ya kustahimili ukame ingeweza kumpeleka mahali asipokuwapo. Jeni isiyo na faida porini yaelekea itabaki kuwa adimu.

Hasara yaweza kuwa ya upande wa pili pia. Jeni ya Xa21, inayokinga mpunga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, ilitoka kwa Oryza longistaminata wa Mali, na ilitengwa katika maabara mwaka 1995. Gugu hilo, basi, ni ghala, na ghala lililochanganywa kiholela hupungua thamani.

La pili ni mkono wa binadamu. Mwezi Agosti 1996 ulipotimiza miaka 10, yaani Agosti 2006, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba mpunga wa LLRICE601, uliobadilishwa jeni na ambao ulikuwa haujaidhinishwa kuuzwa, umeonekana katika mchele wa biashara. Masoko ya Ulaya na Japani yalitikisika, na mwaka 2011 kampuni ya Bayer ilikubali kulipa wakulima hadi dola milioni 750. Uchunguzi wa serikali haukuweza kuthibitisha kama chanzo kilikuwa chavua au kuchanganyika kwa mbegu. Kama nchi yenye maghala ya kumbukumbu na maabara nyingi haikupata jibu, mwenye debe la mbegu aliloazima kwa shemeji yake atalipata wapi?

Sheria nayo imo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2009 zilimbebesha dhima mwingizaji wa viumbe hivyo hata bila kuthibitishwa kosa lake. Mwaka 2015 zililegezwa kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya majaribio yakapandwa Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliyasimamisha majaribio hayo, na Januari 2021 serikali ikatangaza kuyafuta.

Katika mjadala huo neno moja limeleta madhara: “mbegu za kisasa”. Kwa neno hilo huitwa SARO 5, iliyopatikana kwa kukutanisha aina mbili kwa njia ya kawaida. Huitwa mahindi chotara ya dukani. Na huitwa pia mbegu iliyotiwa jeni maabara. Mkulima aliyeonywa dhidi ya hii ya mwisho aweza kuikataa ile ya kwanza, akakosa mavuno bure. Na aliyesifiwa ile ya kwanza aweza kupokea ya mwisho bila kuuliza. Muuzaji wa mbegu, bwana shamba na mtangazaji wa redio wangefanya vema kutumia majina matatu kwa vitu vitatu: mbegu bora, mbegu chotara, na mbegu iliyobadilishwa jeni.