Ofisi zinapoambiana habari zako: ruhusa ni ipi, na haki yako ni ipi

Kijana wa Pwani akitaka kazi ya meli, kazi ya ulinzi, au kwenda Doha na Muscat kutafuta riziki, hutakiwa kwanza alete cheti cha tabia njema. Huingia eCitizen, akalipa shilingi 1,050, akachapisha fomu ya C24, akaenda kutiwa wino vidole vyote kumi, kisha akangoja. Wengi hukipata bila shida. Lakini wako wanaokuwa nacho mkononi, na wakiomba kazi ya serikali huambiwa kwamba "usalama haujapita". Mimi huwasaidia vijana wa mtaani kujaza fomu hizi, na wakifika hapo swali lao huwa moja: "Maalim, hawa watu wana nini juu yangu, na wamekitoa kwa nani?"

Jibu laanzia hapa: serikali huweka habari za namna mbili juu ya mtu, nasi huzichanganya.

Ya kwanza ni rekodi. Hii huwekwa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Ina alama za vidole, ina namba ya kesi, ina jina la mahakama. Cheti cha tabia njema hutoka hapa, na hapa tu.

Ya pili ni taarifa za kijasusi. Sheria ya Idara ya Kitaifa ya Ujasusi (NIS) ya 2012 yaipa idara hiyo kazi ya kuwapiga msasa wa kiusalama watu wanaotaka nyadhifa zinazohitaji msasa huo. Taarifa hizi si lazima ziwe na mahakama wala kesi. Yaweza kuwa ni jambo zito lililochunguzwa vizuri. Yaweza pia kuwa ni neno la jirani mliyegombana naye kwa mpaka wa shamba. Ndiyo maana mtu huweza kuwa na cheti safi na bado akakwama.

Je, idara zina haki kuambiana? Zina haki, na mimi si katika wale wasemao zisiambiane lolote. Aliyehukumiwa kwa kuiba pesa za umma hafai kukabidhiwa hazina ya kaunti kwa kuwa tu ofisi moja haikuiuliza nyingine. Sura ya Sita ya Katiba yataka uadilifu, na ndiyo sababu waombaji wa nyadhifa za umma huambiwa walete karatasi za KRA, HELB, DCI na EACC. Hapa mwombaji ndiye punda wa kubeba mizigo kutoka ofisi hii hadi ile. Achoka, na nauli zaisha. Lakini kila karatasi apita nayo mkononi mwake, na ameiona imeandikwa nini. Ikiwa na kosa, ajua pa kurudi. Siku ofisi zikianza kupelekeana habari moja kwa moja kwa kompyuta, atapumzika na safari, ila hataona tena kilichoandikwa. Twapigiwa debe la kurahisishiwa huduma, na ni jambo zuri, lakini hesabu hiyo nayo ifanywe.

Mimi naona hatari kubwa iko katika kile kinachosafiri. Mara nyingi hakiendi kisa kizima, huenda uamuzi mkavu: kuna pingamizi, au hakuna. Afisa anayepokea hajui pingamizi limetokana na nini, wala hathubutu kulipuuza, maana likija kutokea jambo yeye ndiye ataulizwa. Basi naye akataa. Ofisi ya tatu ikiuliza, yaambiwa mtu huyu amekataliwa mara mbili. Neno la mtu mmoja limekuwa mashahidi watatu, na hakuna hata mmoja aliyechunguza upya.

Rekodi nazo huchakaa. Tuseme kijana amekamatwa kwenye msako pamoja na wenzake, akashtakiwa, na mahakama ikamwachilia. Alama za vidole zilikwenda siku ya kwanza. Habari ya kuachiliwa yatakiwa nayo ifuate, na isipofuata, faili lasema hadi leo kwamba ana kesi. Kila ofisi itakayoomba habari zake itapewa nusu ya kisa.

Sisi watu wa Pwani mambo haya si mageni kwetu. Wabajuni, Waswahili na Waarabu wa miji yetu wamedaiwa karatasi za babu na bibi ili wapate kitambulisho, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ililiandikia ripoti suala hili la vitambulisho mwaka 2007. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini kule Wajir tamko la kuondoa msasa huo kwa jamii za mipakani. Vikao vyaweza kufutwa kwa siku moja. Je, yale yaliyoandikwa vikaoni? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, yasema habari za mtu zikusanywe kwa sababu iliyotajwa wazi, zisitumiwe kwa jambo lisilopatana na sababu hiyo, na ziwe sahihi. Jibu ulilotoa kuhusu nyanya yako ili upate kitambulisho halifai kuibuka miaka kumi baadaye kwenye maombi yako ya kazi.

Na kuweka kila kitu kapu moja kuna hatari yake. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kuwa wadukuzi wameingia katika ofisi inayosimamia watumishi wake wa umma na kuchukua habari za uchunguzi wa usalama za watu milioni 21.5, wakiwemo wake na waume wa waombaji. Alama za vidole za watu milioni 5.6 zilikwenda pamoja nazo. Nywila yabadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Sasa haki zako. Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya kuomba habari zilizoko serikalini, na kutaka habari potofu zinazokuhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaipa ofisi siku 21 kukujibu. Tusidanganyane hapa: ikitajwa usalama wa taifa, sheria hizi zina mlango wa kukunyima, na NIS haitakufungulia faili. Lakini ofisi iliyokukatalia kazi ni nyingine, na hiyo yabanwa na kifungu cha 47, kinachokupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiserikali unapokuumiza. Kwa hiyo usiandike kuomba faili. Andika kwa ofisi iliyokukatalia, uiombe sababu, na uiulize kama imetegemea taarifa ya idara nyingine. Wakikaa kimya, nenda kwa Ombudsman. Ikiwa ni habari ya uongo iliyosambazwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria yampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.

Na aliyeachiliwa na mahakama asitoke kortini bila kuomba nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri. Apeleke moja DCI ili rekodi irekebishwe, na nyingine aihifadhi nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Barua yoyote unayoipeleka ofisini, iandike nakala mbili, na ile ya pili urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.