Mpako: Kutoka Ukuta wa Chokaa hadi Vazi la Mwanaanga

Aghalabu husikika madai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza sayansi ya anga za juu. Makala haya yanayapima madai hayo kwa neno moja, mpako, linalotokana na kitenzi kupaka na ambalo si geni kwa mwashi wa pwani ya kusini ya Kenya.

Msikiti wa kale wa Kongo, ulioko Diani penye mdomo wa mto Mwachema, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe. Katika ujenzi wa jadi wa Waswahili, matumbawe yayo hayo yalichomwa yakawa chokaa, ikamwagiwa maji, kisha ikapakwa ukutani. Weupe wake haukuwa pambo tu. Chokaa huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na joto inalolifyonza hulitoa upesi kwa mnururisho. Bati jipya nalo huakisi mwanga, ila halitoi joto kwa wepesi. Ndiyo maana adhuhuri huchoma mkono.

Kanuni hizo ndizo zimlindazo mwanaanga. Nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kitu kilichoko juani huweza kufikia takriban nyuzi 120 za Selsiasi, na kilichoko kivulini kikashuka hadi nyuzi 150 chini ya sifuri. Huko hakuna hewa, sembuse upepo wa kusi unaopoza kuta za Msambweni. Kwa hiyo mzigo wote huuelemea mpako. Tabaka la nje la vazi ni jeupe, mithili ya ukuta wa chokaa. Chini yake mna matabaka ya plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, na hapa ila ya bati hugeuka sifa: kwa kuwa alumini haitoi joto kwa wepesi, joto la jua haliingii wala la ndani halitoroki. Kioo cha kofia hupakwa dhahabu ili kukinga macho. Joto la mwili wenyewe huchukuliwa na maji yapitayo katika mirija ya vazi la ndani.

Ni bayana kwamba kuakisi, kufyonza, kutoa na kupaka vimetosha kueleza jambo hili. Hata hivyo, saruji imekwisha kuchukua nafasi ya chokaa katika majengo mengi. Mtafiti wa istilahi hana budi kuwaendea mafundi wazee wa Kwale mapema, kabla msamiati wao haujazikwa pamoja nao.